Mheshimiwa Hamduni Hayupo Ofisini

Ilikuwapo nchi, na kwa bahati mbaya bado ipo. Jina lake silitaji, maana huko kutaja jina la nchi kunahitaji kibali, kibali hutolewa kwa zabuni, na sanduku la zabuni lilifungwa mwaka juzi kwa kufuli ambalo ufunguo wake haujanunuliwa. Wewe msomaji unayetabasamu kwa kujidai unaijua, tulia. Si kwenu. Kwenu mambo haya hayatokei.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani, mshereheshaji wa harusi. Akishika kipaza sauti, hata bwana harusi aliyeletwa kwa kusukumwa alicheka. Mumewe, Hamduni Pazi, alikuwa mpuliza tarumbeta. Mke akitaja majina ya wageni, mume akipuliza. Wakala, wakavaa, wakajenga vyumba viwili na baraza. Hawakujaliwa mtoto. Walijaliwa kupendana, na wenyewe walisema hawaoni kama walipunjwa.

Ndipo yakaja Mageuzi ya Manunuzi.

Tuseme kweli, mageuzi yalihitajika. Serikali ya nchi ile ilikuwa inanunua kalamu kwa bei ya mbuzi, na mbuzi kwa bei ya nyumba, na nyumba ilikuwa hainunui kabisa, inalipia tu. Basi akateuliwa Mkurugenzi Mkuu wa Manunuzi, Daktari Eliasafi Mbonde, mtu mwenye shingo nene na suti za rangi ya maziwa. Udaktari wake alitunukiwa na chuo kimoja cha ng'ambo ambacho baadaye kiligeuka duka la mapazia.

"Ndugu wananchi!" alinguruma siku ya kwanza, uwanjani. "Wizi sasa basi! Kuanzia leo, mwenye bei ya chini kabisa ndiye mshindi! Na kila ununuzi mkubwa nitausaini mimi mwenyewe, Mkurugenzi Mkuu, kwa mkono wangu huu, ili asije mjanja akapenya! Tutanunua kwa tija! Tutanunua kwa ufanisi! Tutanunua mpaka kununua kwenyewe kushangae!"

Kununua kukashangaa kweli. Shule zilipata madawati ya bei nafuu mno, maana miguu yake iliuzwa mbali. Askari walipata kofia zisizo na juu, wakaambiwa ni kwa ajili ya kupitisha hewa kichwani. Wilaya moja ya milimani ilinunuliwa nusu daraja, na wananchi wakashauriwa kuvuka taratibu. Na kila zabuni, kwa bahati iliyomshangaza kila mtu isipokuwa kila mtu, iliombwa na wote ikakoswa na wote, akabaki mshindi mmoja tu: Bwana Tarishi Kimbau, shemeji yake Daktari Eliasafi.

Bwana Tarishi alikuwa na gereji ya kuziba pancha. Hospitali kuu ilipotangaza zabuni ya mitungi ya oksijeni, alifungua kampuni asubuhi, akaiita Pumua Entapraizi, na mchana akapeleka bei ambayo haijawahi kuonekana duniani. Hakuhitaji mitambo wala wataalamu. Alinunua mitungi chakavu, akaipaka rangi ya kupendeza, akaijaza hewa kwa mashine ileile aliyojazia matairi ya malori.

Mwezi huohuo Hamduni alinyeshewa na mvua akipuliza tarumbeta kwenye harusi ya watu. Kikohozi kikawa homa, homa ikawa nimonia, akalazwa hospitali kuu. Muuguzi, Sista Restituta, alimvalisha kinyago cha kupumulia akafungua mtungi mpya.

"Vuta, baba," alisema. "Gesi ipo, mtungi umejaa."

"Navuta," alisema Hamduni. Alimtazama mkewe. "Sikudhani, navuta lakini hamna kitu."

Sista akabadilisha mtungi. Akabadilisha tena. Yote ilikuwa imejaa, yote ilivuma vizuri, na yote ilinuka mpira. Hamduni alishika upindo wa kanga ya mkewe kama mtu anayeogopa kupotezwa sokoni, akafa adhuhuri hivyohivyo, kinyago usoni, yeye aliyezipa harusi za mji mzima pumzi yake.

Habari zikavuja, nchi ikanung'unika, na Daktari Eliasafi akaitisha waandishi wa habari. Sikudhani alimsikia redioni akiwa matangani, amekaa mkekani, wanawake wamemzunguka.

"Kuna upotoshaji," ilisema redio. "Wananchi, oksijeni ni nini? Ni sehemu ya hewa. Sisi tumenunua nini? Tumenunua hewa. Kwa hiyo tumenunua oksijeni, na mengine tumepewa nyongeza! Kama hiyo si thamani ya fedha, basi thamani ya fedha haipo."

Jirani mmoja alicheka kwa mshituko, akajiziba mdomo. Sikudhani hakuliona kosa lake. Alikuwa anaisikiliza ile sauti, anaihifadhi, kama mtu anavyohifadhi kisu kikali mbali na mikono ya watoto.

Alipotoka eda alikwenda ofisini kwa Daktari Eliasafi. Hakutaka fidia. Alitaka tu yule mtu aseme jina la Hamduni na kusema samahani, kisha yeye ajue kama ataweza kumsamehe au la.

Daktari Eliasafi alimpokea vizuri. Alimpa kiti na chai.

"Pole sana, mama. Lakini hebu tazama upande wa tija. Marehemu mzee wako alitumia mitungi mingapi?"

"Mitatu, mheshimiwa."

"Unaona! Wengine hulala na gesi mwezi mzima, wanalia tu gesi, gesi. Mzee wako alitumia kidogo, akamaliza, kitanda kikapata mtu mwingine. Huo ndio ufanisi. Kama wagonjwa wote wangekuwa na moyo kama wake, mama, nchi hii ingekuwa mbali."

Sikudhani aliweka kikombe chini. "Jina lake unalijua, mheshimiwa?"

"La nani?"

"Ahsante kwa chai," alisema Sikudhani, akaondoka.

Msinitarajie hapa niwaambie kwamba alimwachia Mungu. Waliomshauri hivyo walikuwa wengi, na wote walikuwa na waume zao nyumbani. Sikudhani alimchukia yule mtu kwa chuki safi isiyo na mchanga. Alilala nayo, akaamka nayo, akaungia nayo mchuzi. Alitaka Eliasafi Mbonde aondolewe kila kitu alichonacho, kisha aje, kwa miguu yake, kumwomba Hamduni pumzi.

Lakini mjane atamfanya nini mkurugenzi? Dawa ya moto ni moto, walisema wahenga, na moto wa nchi ile ulikuwa itifaki.

Niwaeleze. Kwa kuwa mageuzi yalikuwa yametangaza kwamba karatasi ni ubadhirifu, Rais aliacha kuandika barua za kuteua na kufukuza. Mtu alijua kama bado ana cheo kwa kusikiliza majina siku ya sherehe. Mshereheshaji akikutaja, upo. Akikuruka, umekwisha, unanyanyuka taratibu, unarudisha gari, unaenda kulima. Waziri mmoja wa mifugo alirukwa kwa sababu tu mshereheshaji alimeza inzi alipofika kwenye jina lake. Akaondoka, akanunua mbuzi, anafuga hadi leo, na anasema ametulia kuliko zamani. Rais naye hakuuliza alikwenda wapi, kwa kuwa Rais wa nchi ile alikuwa na sifa moja iliyoimbwa mashuleni: hajawahi kusahau jambo.

Ikatangazwa sherehe kubwa ya kuzindua Awamu ya Pili ya Mitungi. Minong'ono ilisema Daktari Eliasafi angetajwa siku hiyo kuwa waziri. Na kwa kuwa mageuzi ni mageuzi, kazi ya kusherehesha nayo ikatangazwa kwa zabuni, bei ya chini ishinde.

Sikudhani akapeleka bei yake: bure.

Kamati ya tathmini ilimwita. Walikuwa wanaume wanne na sahani ya korosho.

"Mama, hii bure yako," alisema mwenyekiti, "ndiyo ya mwisho?"

"Ya mwisho, baba."

"Hakuna maongezi? Punguza kidogo. Wenzako wanaweza kushuka."

"Basi nitakuja na kipaza sauti changu."

Wakatazamana kwa furaha. "Na spika?"

"Na spika. Na nauli yangu mwenyewe."

Wakampongeza, wakamaliza korosho. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mwanamke mwenye akili timamu anataka kuifanyia kazi serikali bure. Swali hilo halikuwa miongoni mwa vigezo.

Siku ikafika. Uwanja ulipambwa, mitungi ikapangwa na kufungwa utepe, viongozi wakaketi kwa ukubwa wa matumbo. Daktari Eliasafi alikaa mstari wa mbele katika suti mpya ya rangi ya maziwa, akimpungia mkewe, akimpungia shemeji yake, akiipungia hata mitungi. Sikudhani alipanda jukwaani amevaa gauni lake la harusi za watu.  Akikosea neno moja hapa, alijua, atalala rumande na Eliasafi atalala waziri. Akashusha pumzi, akaanza.

Alimtaja Rais kwa vyeo vyake vyote na viwili vya kumpendezesha. Akamtaja Spika, Jaji, Mkuu wa Majeshi, kila mmoja akipewa sifa zake na vigelegele. Kisha akapunguza sauti, kama alivyozoea kuipunguza kila bibi harusi anapokaribia mlangoni.

"Na sasa, mabibi na mabwana, mtu ambaye bila yeye leo tusingekuwa hapa. Mtu aliyeshika manunuzi ya nchi hii yakashikika. Mwadilifu! Mkimya! Asiyependa makuu!"

Daktari Eliasafi alikuwa ameshanyanyuka nusu, mkono kwenye tai.

"Mkurugenzi Mkuu wa Manunuzi," alipaza Sikudhani, "Mheshimiwa Hamduni Pazi!"

 Eliasafi alibaki vilevile, si mtu wa kukaa wala wa kusimama. Macho yote yakamgeukia Rais. Rais alitafuta jina lile kichwani mwake, hakulikuta, na kwa kuwa hajawahi kusahau jambo, akapiga makofi. Basi uwanja mzima ukalipuka. Watu walisimama. Bendi ilipiga. Mkuu wa Majeshi alipigia saluti hewa.

"Nilimteua lini huyu?" Rais alimnong'oneza msaidizi wake.

"Wiki iliyopita, Mtukufu. Baada ya kutafakari kwa kina."

"Nilidhani hivyo. Yuko wapi?"

"Yuko kazini, Mtukufu. Si mtu wa sherehe."

"Hao ndio ninaowataka," alisema Rais.

"Itifaki imezingatiwa," alimalizia Sikudhani.

Daktari Eliasafi aligeuka kuketi. Kijana wa itifaki alikuwa amekwishashika mgongo wa kiti. "Samahani mzee, hiki ni cha Mheshimiwa Hamduni." Chupa ya maji mbele yake ikaondolewa. Mkewe, aliyekuwa jukwaa la wake wa wakubwa, akaanza kutazama upande mwingine, akagundua pambo la ukutani linalovutia sana.

Eliasafi akamfuata shemeji yake. "Tarishi, huyu Hamduni ni nani?"

Bwana Tarishi alijisogeza mbali naye hatua kadhaa. "Humjui Hamduni? Ndiyo maana umetolewa! Mimi Hamduni tumekua wote. Tumeoga mto mmoja."

Hakubakiwa na pa kwenda ila kwenye meza ya mshereheshaji. Jasho lilikuwa limeigeuza suti yake rangi ya chai.

"Mama, umenisahau. Mkurugenzi ni mimi."

Sikudhani alimtazama usoni. Alimpa muda wote wa dunia amkumbuke: kiti alichompa, chai aliyomnywesha, yale maneno. Eliasafi hakukumbuka kitu.

"Itifaki haisahau, baba," alisema. "Na unasema na mke wa Mheshimiwa Hamduni."

Huwezi kuamini jinsi shingo nene inavyoweza kupinda. Daktari Eliasafi Mbonde aliinama mpaka tai ikagusa meza. "Hongera sana, mama. Hongera mno. Mfikishie salamu zangu mzee, mwambie mimi ni mtu wake."

"Zitafika," alisema Sikudhani.

Mheshimiwa Hamduni akachapa kazi. Gazeti la serikali lilipohitaji picha yake, mkewe alitoa ile ya harusini, ana tarumbeta kifuani. Ikatundikwa kila ofisi, na mhadhiri mmoja akaeleza redioni kwamba tarumbeta ni ishara ya uwazi. Wafanyabiashara walipeleka bahasha ofisini kwake, hakuzigusa. Wakapeleka mbuzi, hakuwatazama. Habari zikaenea kwamba nchi imepata mkurugenzi asiyehongeka, na wezi wakaanza kuugua presha. Kwa kuwa kila ununuzi ulihitaji mkono wake, na mkono wake haukuonekana, hakuna kilichonunuliwa. Hazina ikajaa kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Wafadhili wakaja na ngao. Ni kweli dawa nazo hazikununuliwa, lakini hata zamani zilikuwa zikinunuliwa tu, haziletwi. Gereji ya Bwana Tarishi ikarudia pancha, na akawa anawaambia wateja kuwa rafiki yake Hamduni amebadilika tangu apate cheo.

Daktari Eliasafi alirudisha gari siku ileile. Nyumba ya serikali ikafuata, na mke akafuata nyumba. Aliomba hifadhi kwa ndugu, wakampa baraza, maana ndani hapakuwa na nafasi ya mtu aliyerukwa. Baraza lilikuwa na baridi. Kikohozi kikamshika.

Sikudhani alizipata habari hizo kwa simu ya Sista Restituta. Kalazwa, wodi ileile. Wamemvalisha kinyago, wamemfungulia mtungi wa akiba ya zamani, akapiga kelele, akakitupa. Katika wodi nzima alikuwa mgonjwa pekee aliyejua kwa hakika kilichomo.

"Anataka kupelekwa nje," alisema Sista. "Daktari kakubali, kifua chake kinahitaji mashine ambazo hatuna. Lakini matibabu ya nje ni ununuzi mkubwa. Lazima asaini Mkurugenzi Mkuu."

"Ndiyo sheria yake," alisema Sikudhani.

"Dada, uniwie radhi. Ukisema neno moja kwenye kipaza sauti chako, wanampeleka leo."

"Najua."

 Sista Restituta akasema mitungi mitatu ya Hamduni aliibadilisha yeye kwa mikono yake, na hajaisahau, na akakata.

Eliasafi alijitoa kitandani, akaenda kwanza ofisini. Alipanda ngazi za jengo alilokuwa akilitawala, akipumzika kila mahali penye ukuta. Katibu muhtasi, yuleyule aliyekuwa wake, hakuinua uso.

"Mheshimiwa Hamduni hayupo ofisini. Njoo kesho."

"Na kesho atakuwepo?"

"Kesho utaambiwa uje kesho. Mzee, si wewe uliyetufundisha?"

Ndipo akafanya kama afanyavyo kila mtu mwenye shida na mkubwa. Akaenda kwa mke wa mkubwa. Alifika kwenye vile vyumba viwili na baraza alasiri moja, na kilo ya sukari mkononi, kifua kikipiga mluzi kama birika. Alikuwa amekonda. Suti ya rangi ya maziwa ilimning'inia.

"Hodi, mama."

"Karibu."

"Mama, nimekuja kwako. Sina mwingine. Nasikia mzee ni mtu wa haki, si kama sisi." Akakohoa, akashika nguzo. "Mwombee anisaini. Hewa hainiingii, mama. Navuta, hamna kitu."

 Nisiwafiche: maneno yale Sikudhani aliyasikia kwa sauti ya mtu mwingine, na kwa muda mdogo alimwona mbele yake mgonjwa tu, mtu yeyote, wa kuonewa huruma. Kipaza sauti kilikuwa ndani, juu ya kabati. Jioni ileile kulikuwa na sherehe ya serikali, na wa kutaja majina alikuwa yeye. Jina moja tu.

"Eliasafi," alisema, "unanijua mimi?"

Alikazana kumtazama. Alitaka sana kutoa jibu zuri. "Wewe ni mama yetu. Mke wa Mheshimiwa."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo, mama..." Akatabasamu kwa kuomba. "Kabla ya hapo kulikuwa na nini?"

Huruma ikamtoka Sikudhani, na haikurudi. Alijifunga kanga, akachukua ile kilo ya sukari, akaiweka kando ya mlango.

"Twende nikupeleke kwa mzee," alisema.

Uso wa Eliasafi ulinawiri. Alimfuata nyuma, hatua mbili mbili na pumziko, akimshukuru njia nzima, akiuliza kama mzee anapenda kuamkiwa kwa kirefu au kwa kifupi. Walipita nyuma ya msikiti, wakaingia lango la makaburi. Hakuuliza kitu. Mkubwa ana haki ya kukaa anapotaka. Sikudhani alisimama penye kaburi moja lililopaliwa vizuri, lenye kibao cha mbao: Hamduni Pazi, mpuliza tarumbeta.

Eliasafi alikisoma kile kibao. Alikisoma tena, midomo ikicheza. Aligeuka akamtazama Sikudhani, na yeye akamngoja. Hiki ndicho alichokuwa amekingoja tangu siku ya mkeka na redio. Ajue. Aanguke. Aseme.

Eliasafi alisogea karibu yake na kumnong'oneza.

"Ana watu ndani?"

 "Yuko peke yake," alisema Sikudhani. "Subiri, atakuita."

Akaondoka. Alipofika langoni aligeuka mara moja tu. Daktari Eliasafi Mbonde alikuwa amefunga vifungo vya koti, amenyoosha tai, amesimama wima mbele ya kaburi mikono pembeni, akivuta pumzi fupifupi kwa adabu, asije akamsumbua mkubwa kabla ya zamu yake.